Chakula cha Mtoto Anayeanza Kula

Mtu akipita Manyatta, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika Kaunti ya Embu, ataona migomba, nduma kando ya mito, mahindi, maharagwe, na ng'ombe wa maziwa katika maboma mengi. Ni vigumu kuamini ya kuwa mtoto aweza kudumaa mahali penye rutuba kama hapa, lakini wako wanaodumaa. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika Kenya nzima watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko ipasavyo kwa umri wao. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumesonga mbele, ila kwa hao waliobaki yafaa tutazame ndani ya bakuli la mtoto kabla ya kulaumu shamba.

Kwa miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji ila maziwa ya mama. Hata maji hayahitaji. Cucu akisikia kilio cha usiku husema mtoto ana njaa, apewe uji. Asidharauliwe, maana amelea wengi. Aelezwe kwa heshima ya kuwa uji wa mapema humfanya mtoto anyonye kidogo, na mara nyingi huleta kuhara.

Miezi sita ikitimia mambo hubadilika. Chuma alichotoka nacho tumboni mwa mama kinakaribia kwisha, nayo maziwa yana chuma kidogo sana. Hapo aanze kula: vijiko viwili vitatu kwanza, mara mbili kwa siku, kisha kiasi kiongezwe polepole hata afikie milo mitatu au minne akiwa na miezi tisa. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

Sasa tuangalie uji wenyewe. Tumbo la mtoto wa kilo nane hujaa kwa chakula kisichofika kikombe kimoja kikubwa. Akipewa uji mwepesi unaomiminika kama chai, tumbo limejaa maji, naye hulala akionekana ameshiba. Uji wa kufaa ni ule usiodondoka upesi kijiko kikiinamishwa, tena uwe na maziwa yaliyochemshwa au mafuta kidogo. Nduma, viazi vitamu na ndizi za kupondwa ni vyema, lakini peke yake havijengi mwili. Vipondwe pamoja na yai lililochemshwa likawa gumu, au ini, au nyama iliyosagwa, au omena za unga, au maharagwe yaliyoondolewa maganda, na mboga za majani kidogo. Githeri nayo yafaa, mradi ipondwe. Wengi humpa mtoto mchuzi wake tu, na maharagwe yakabaki sufuriani. Chai asipewe, kwa maana huzuia chuma kuingia mwilini. Asali ingoje mpaka atimize mwaka mmoja.

Mambo haya yamechunguzwa papa hapa Embu. Kati ya mwaka 1984 na 1986 wataalamu, wakiwemo Dkt. Charlotte Neumann wa Marekani na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walikuta ya kuwa watoto wadogo walikula mahindi na maharagwe kwa wingi, na nyama kidogo sana. Mwaka 1998 walirudi, safari hii kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule 12 za Kyeni, jirani zetu. Wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la nne halikupewa chakula. Wazazi wa hao walipewa mbuzi wa maziwa mwishoni. Waliokula nyama walishinda wenzao katika mtihani wa kufikiri, na uwanjani walichangamka zaidi. Maziwa yalisaidia kuongeza urefu wa waliokuwa wafupi. Hao walikuwa watoto wa shule, lakini mtoto wa mwaka mmoja, anayekua kwa haraka zaidi, aweza kuhitaji vyakula hivyo chini yao?

Hapa nasema na wanaume wenzangu. Maziwa ya asubuhi huenda kwa wanunuzi, mayai huenda sokoni, na fedha hushikwa na baba. Mama hawezi kulitia bakulini yai ambalo limekwisha hesabiwa. Kikombe kimoja cha maziwa na yai moja vitengwe kabla ya kuuza, kama tutengavyo mbegu. Gharama yake ni ndogo kuliko soda tunazonunuliana siku ya soko.

Tena, kijitabu cha kliniki kisiachiwe mama peke yake. Ndani yake mna mstari wa uzito, na mtu ajuaye kusoma gazeti aweza kuusoma. Ukikoma kupanda kwa miezi miwili mfululizo, baba afuatane na mama kwa muuguzi, amwambie mtoto alikula nini jana, kutoka asubuhi mpaka jioni.