Kamari Iliyovaa Jezi

Kamari si ngeni katika mwambao wetu. Wazee wanamjua vyema mtu wa pata potea, aliyekaa pembeni mwa soko na karata zake tatu, jicho moja kwa mteja na jingine kwa askari. Mtoto akionekana amesimama hapo, mtu mzima yeyote aliyepita aliweza kumshika sikio akampeleka kwao.

Hata uani hadhari ilikuwapo. Watoto wakicheza korosho, aliyelenga vizuri akachukua za wenziwe, hakukosa mzee wa kuwakemea. Mwenye kuona huo ni ukali mno na ajue una asili yake: wafasiri wa kale kama Mujahid na Ataa, walipolifasiri neno maysir, waliingiza ndani yake hata watoto kuchezeana kokwa za jozi. Na Suratul-Maida, aya ya 90, imeiweka kamari safu moja na ulevi na masanamu.

Kamari ya leo haikai sokoni. Imekuja na kandanda, jambo ambalo hatuwezi, wala hatutaki, kumkataza mtoto. Mwaka 2017 kampuni ya SportPesa iliweka jina lake kifuani mwa wachezaji wa Everton, na Julai mwaka huo huo timu hiyo ikaja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Kijana gani mpenda mpira hakuitamani jezi ile?

Hapa pana jambo la ajabu. Huko Uingereza kwenyewe, jezi za saizi ya watoto haziuzwi zikiwa na jina la kampuni ya kamari, na mwaka 2023 timu za Ligi Kuu zilikubaliana kuliondoa hata kifuani mwa wachezaji baada ya msimu wa 2025-26. Zinazouzwa kwetu nyingi ni za kuiga, na aziigaye hana habari ya sharti hilo. Utaiona ya mtoto wa miaka mitano imechorwa jina la watu wa kamari kifua kizima! Anayeinunua ni baba, kwa mapenzi, pengine ni zawadi ya Idi au ya kumaliza juzuu chuoni.

Serikali haikunyamaza. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na Agosti sheria mpya ikatiwa saini kushika mahali pa ile ya 1966. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini simu haijui imeshikwa na nani. Laini ni ya mama, na mtoto anayetumwa dukani kila siku huijua namba ya siri kama aijuavyo Fatiha. Zikipungua shilingi 20, mama hudhani ni ada ya kutuma fedha.

Namba ya siri hubadilishwa kwa dakika moja. Ama jezi, fundi cherehani ataishonea kiraka cha rangi ile ile kifuani, na mtoto akaendelea kuivaa uwanjani.