Ubongo wa lori la theluji: Chumvi haimwagwi kwa kukisia

Una binamu au rafiki aliyehamia Minnesota kule Marekani? Basi huenda ameshakutumia ile video: nje kweupe pe, magari yamezikwa kwenye theluji, naye anatetemeka akikuambia usimwonee wivu. Lakini asubuhi inayofuata jamaa yuko barabarani anaenda kazini kama kawaida. Umewahi kujiuliza nani alimsafishia njia?

Ni malori yanayokesha yakifanya kazi. Mbele lori lina bamba kubwa la chuma la kusukuma theluji. Nyuma limebeba chumvi, maana maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Mkanda huvuta chumvi na kuiangusha kwenye sahani inayozunguka, nayo huirusha barabarani.

Inaonekana rahisi, sivyo? Hebu piga hesabu. Tuseme barabara inahitaji kilo 100 za chumvi kwa kila kilomita. Lori likienda kilomita 40 kwa saa, linafaa kumwaga kilo 4,000 kwa saa. Likipunguza mwendo hadi 20, zatosha kilo 2,000. Dereva akisahau kupunguza, kila kilomita inapata chumvi maradufu. Na akisimama kwenye taa, anaacha rundo zima hapo.

Sasa mwambie afanye hesabu hiyo saa tisa usiku, theluji ikimpiga kiooni, huku akiongoza bamba lisigonge ukingo wa barabara. Si mchezo.

Akikisia vibaya, kuna atakayeumia. Chumvi ikiwa haba, magari yanateleza na watu wanakufa. Ikizidi, inafuata maji hadi mitoni na ziwani, na Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000. Wakala wa mazingira wa jimbo hilo huonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha chumvi chatosha kuharibu galoni tano za maji, yaani kama lita 19. Ikishaingia ziwani, kuitoa ni kibarua kigumu mno.

Hapo ndipo elektroniki inapoingia. Kompyuta ndogo ndani ya kebini husoma mwendo wa lori, kisha hufungua au kubana valvu ya haidroliki inayoendesha mkanda. Lori likikaza mwendo, mkanda nao unakaza. Likisimama, chumvi inakatika. Kuna pia kihisi kinachosoma joto la lami yenyewe bila kuigusa, kwa sababu lami inaweza kuwa baridi kuliko hewa, au kinyume chake. Lami ikishuka hadi karibu nyuzi 9 chini ya sufuri, chumvi ya kawaida huanza kuishiwa nguvu, na dereva anafaa kujua hilo kabla ya kumwaga bure. Bamba nalo huongozwa kwa kijiti ambacho wewe mcheza gemu ungekizoea upesi.

Lakini usidhani kompyuta inajua kila kitu. Katika mifumo mingi, haipimi uzani wa chumvi. Inachojua ni mkanda umezunguka mara ngapi. Kwa hivyo kabla ya msimu, lazima fundi auzungushe mkanda, akusanye chumvi iliyotoka, aiweke kwenye mizani na kuingiza jibu kwenye mtambo. Akiruka hatua hiyo, skrini itasema kilo 100 huku barabarani zikimwagika 140. Mashine itakosea usiku kucha, na kwa kujiamini kabisa.

Sasa wewe uliye Nairobi au Eldoret, theluji inakuhusu nini? Barabara zetu hazigandi, lakini hesabu ni ile ile. Lori la kunyunyizia lami kwenye barabara mpya linafaa kulinganisha lami na mwendo wake. Trekta ya kupulizia dawa kwenye shamba la ngano Narok, vilevile. Dawa ikizidi inaunguza mimea, ikipungua wadudu wanasherehekea.

Kwa hivyo kama unasomea umeme wa magari au mitambo, usiishie kujua kubonyeza skrini. Kila mtu atajua hilo. Jifunze kuikagua mashine kwa ndoo na mizani, uweze kumwambia bosi bila kuogopa: “Hii namba si kweli.” Fundi wa aina hiyo hakosi kazi, kuwe na theluji au jua kali.