Kwa Nini Kikohozi Kimoja Humlemea Baba na Kumwacha Mama?

Wasomaji wetu wa Rutshuru wazijua asubuhi za baridi, ukungu ushukapo toka milimani na kikohozi kikaingia nyumbani bila kubisha hodi. Baba aanza, watoto wafuata, mama naye hakosi. Virusi ni vile vile na nyumba ni ile ile. Hata hivyo mmoja apiga chafya siku tatu tu, mwingine alazwa hospitalini. Sababu ni nyingi. Moja twataka kuieleza leo, kwa maana wakati wa korona watu waliifahamu nusu tu, na nusu hiyo yaweza kuua.

Tarehe 10 Machi 2020 ilitangazwa kwamba Kongo imepata mgonjwa wake wa kwanza wa korona, huko Kinshasa. Haukupita muda mrefu ugonjwa ukafika Goma, na Kivu ya Kaskazini ilikuwa bado haijamalizana na ebola. Mwezi uo huo Hifadhi ya Virunga ilifungiwa watalii, kusudi gorila wa milimani wasiambukizwe na wanadamu. Kumbe hata wao hupata maradhi yetu ya kifua!

Ndipo watu wakaanza kunong'ona kwamba korona ni ugonjwa wa wanaume. Neno hilo halikuwa la bure. Uchunguzi uliotolewa Desemba 2020, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya milioni 3 wa nchi nyingi, ulionyesha kuwa wanaume na wanawake waliambukizwa sawasawa. Lakini hatari ya kuingizwa katika chumba cha mahututi ilikuwa kwa wanaume karibu mara 3, na kufa walikufa zaidi. Tumbaku ina sehemu yake, wala hatuwasahau wale waume wasiokwenda kwa daktari mpaka washindwe kusimama. Lakini hayo hayaelezi yote.

Katika damu zetu hupita homoni, yaani matarishi wa mwili wapelekao amri kwa viungo. Estrojeni hutoka hasa katika vifuko vya mayai vya mwanamke, testosteroni katika korodani za mwanamume. Ndizo zimpazo kijana ndevu na binti matiti. Zamani ilidhaniwa kazi yao ni hiyo na uzazi basi. Kumbe chembe za damu zipiganazo na magonjwa nazo huzisikiliza: estrojeni huziamsha, testosteroni kwa kawaida huzituliza.

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza habari za panya waliotiwa virusi vya SARS, ndugu ya korona. Madume walikufa zaidi. Kisha majike wakaondolewa vifuko vya mayai, nao wakafa kwa wingi. Madume walipohasiwa, hawakupata nafuu yoyote. Basi katika panya hao estrojeni ndiyo iliyokuwa ngao.

Lakini ngao hiyo haidumu hali moja. Mimba ikitungwa, estrojeni na projesteroni hupanda mno, na kinga hugeuzwa ili mwili usimpige mtoto kama adui. Mji wa mimba ukikua hukisukuma juu kiwambo kilicho chini ya mapafu, pumzi ikawa fupi. Na moyo hufanya kazi ya watu wawili. Katika homa kuu ya 1918, daktari mmoja wa Marekani, Harris, alikusanya habari za wajawazito 1,350 waliougua: 27 katika kila 100 walikufa. Mwaka 2009 homa nyingine ya mafua ilipozunguka dunia, wajawazito wa Marekani walikuwa kama mtu 1 tu katika kila 100 wa nchi yao, lakini kati ya waliokufa walikuwa 5 katika kila 100. Korona nayo iliwalemea wajawazito kuliko wanawake wengine wa umri wao. Nani basi aliyesema ni ugonjwa wa wanaume?

Bibi zetu nao, hedhi ikiisha kukoma, estrojeni yao hupungua, na tena miaka mingi wamevuta moshi wa kuni na makala jikoni.

Labda mtu atauliza: je, baba anunue vidonge vya homoni dukani? Hata kidogo! Madaktari wamejaribu, lakini hakuna homoni ya uzazi iliyokubaliwa kuwa dawa ya korona wala ya mafua, na estrojeni ya vidonge yaweza kugandisha damu katika mishipa.

Kwa mama mjamzito mwenye homa na kikohozi, dalili za hatari ni hizi: kuhema upesi hata akiwa ameketi, maumivu ya kifua, midomo kugeuka rangi, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Apelekwe kituo cha afya mara moja, asingoje kesho. Na amwambie muuguzi tangu mlangoni kwamba ana mimba, hata kama bado haijaonekana.