Je, Wajua? Injini ikizimika, ndege bado huruka

Injini ikizimika angani, ndege haidondoki papo hapo. Maadamu inasonga mbele, mabawa huendelea kuibeba, nayo hushuka polepole. Cessna 172, ndege ndogo inayotumika sana kufundishia urubani, ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi huweza kwenda karibu kilomita 9 bila nguvu ya injini. Kabla ya kuruhusiwa kuruka peke yake, mwanafunzi hufanyishwa zoezi hili: mwalimu hupunguza nguvu ghafla, naye atafute pa kutua. Si zoezi la bure. Mwaka 2001, Airbus A330 ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Bahari ya Atlantiki. Marubani waliielekeza kwa takriban dakika 19 bila injini hadi visiwa vya Azores. Watu wote 306 walinusurika.