Uji wa mzee usiwe maji matupu

Meno yakishaisha, wazee wengi huhamishiwa kwenye uji: asubuhi uji, mchana wali bokoboko na mchuzi, jioni uji tena. Tumbo linajaa, mwili unapukutika. Kikombe cha uji mwepesi wa sembe kina gramu mbili tatu tu za protini, ilhali wataalamu wa lishe hushauri mtu aliyevuka miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Bibi wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 na ushee, zaidi ya kijana wa uzito huohuo, maana misuli ya uzeeni ni mivivu kuitumia protini. (Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kwa daktari wake.)

Kulainisha chakula si kukizimua. Uji huohuo upikwe kwa maziwa. Ukikaribia kuiva, mimina yai lililopigwa huku unakoroga, uache utokote hadi yai liive. Hapo umeongeza gramu 6 za yai, na kama 8 za kila kikombe cha maziwa. Dagaa nao waoshwe mchanga, wakaangwe wakauke, watwangwe wawe unga wa kunyunyiza kwenye maharage yaliyopondwa. Mifupa yao inaliwa, kwa hiyo na madini ya kalisi yamo. Na ukiongeza karanga kwenye uji, zenye ukungu tupa, hata kama zimekugharimu: sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Kinachonitia hofu zaidi ni kiporo cha wali kilicholala mezani. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha vijimbegu visivyokufa kwa kupikwa; wali ukikaa nje huchipuka, vikazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kijana atatapika, kesho yuko kazini. Mzee, ambaye hata kiu haisikii vizuri, hukaukiwa maji upesi. Wali usizidishe saa mbili nje ya friji. Asiye na friji apike wa mlo mmoja.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vidonge vya mchuzi. Ulimi ukidai ladha, upewe ndimu, tangawizi na kitunguu saumu.

Na mzee anayepaliwa kila akinywa maji asichukuliwe kuwa ana haraka tu. Huenda vinavyomezwa vinaingia mapafuni. Ale ameketi wima, asilale kwa nusu saa baada ya kula, na apelekwe akapimwe.