Shimo Linaloachwa na Jino

Sogeeni, wajukuu zangu, kaeni upande huu moshi usiwachome macho. Hapa mtaani kwetu Obunga mama zenu wanakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Wao na waendelee na karai zao. Mimi nitawasimulia habari ya jino, na hasa ya shimo linaloachwa na jino, kwa sababu hilo ndilo watu husahau.

Zamani kijana wa Kijaluo, mvulana kwa msichana, aling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, ndipo akahesabiwa kuwa amekua. Mila hiyo iliitwa nak. Fundi alitumia kipande cha chuma, na sindano ya ganzi haikuwapo. Wazee wengine hueleza kwamba pengo lile lilikuwa na faida: mtu akishikwa na pepopunda, taya likakaza, angenyweshwa uji kupitia hapo. Ni maelezo yenye akili. Lakini pepopunda yenyewe huingia mwilini kupitia kidonda kichafu, na chuma kisichochemshwa kingeweza kuileta. Nawaheshimu sana waliovumilia nak, wala sisikitiki kwamba imekoma.

Sasa tumfikirie msichana wa kidato cha pili, tumwite Achieng. Gego lake la chini limeoza hadi kwenye mizizi. Anakwenda kwa daktari wa meno pale Kondele, katika hospitali kubwa ambayo watu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969. Anapigwa ganzi, gego linatikiswa, linatoka. Achieng anadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Damu inajaa kwenye shimo na kuganda. Donge hilo ni kama kigaga cha kidonda cha goti: linafunika mfupa na mishipa ya fahamu, na chini yake nyama mpya inaota. Ndiyo maana daktari humpa kitambaa safi akiume kwa nguvu nusu saa au zaidi, bila kukitoa kila mara achungulie. Siku ile ya kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija. Na muwa, wanangu! Najua mnavyoupenda. Kufyonza muwa kunaweza kuling'oa donge lile, na mfupa mkavu wa mgongo wazi unaweza kulichokoa. Ale uji uliopoa, au ugali laini kwa mchuzi, akitafunia upande wa pili.

Donge likitoka mapema, mfupa wa taya unabaki wazi. Hapo maumivu hayaji siku ya kwanza. Mara nyingi huja siku ya pili au ya tatu, wakati mtu anatarajia kupona. Huvuta hadi sikioni, na mdomo hunuka. Huwapata zaidi watu wazima kuliko watoto wadogo, hasa wanaong'olewa magego ya chini na wanaovuta sigara. Dawa yake haipatikani kwa kuvumilia, wala kwa kujaza tumbaku au majivu shimoni. Daktari huliosha shimo na kuliwekea dawa, na maumivu hupungua upesi.

Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza yasimtishe mtu. Shavu kuvimba kidogo pia ni kawaida. Baada ya siku nzima kupita, Achieng asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na meno mengine aendelee kuyapiga mswaki, maana uchafu wa jirani huingia shimoni.

Lakini damu ikiendelea kububujika hata baada ya kuuma kitambaa safi nusu saa nyingine, arudi hospitali. Arudi pia akipata homa, usaha, au mdomo ukikataa kufunguka. Na uvimbe ukishuka shingoni, au kumeza na kupumua kukawa kwa shida, asingoje kupambazuke. Jambo kama hilo likikupata wewe, mwambie mama usiku huohuo, hata kama amelala kwa uchovu wa karai.