Ioni Iliyotulizwa na Mwanga

Sogea hapa jamvini, mwanangu. Umeniuliza: "Mjomba, mwanga unaweza kupoza kitu?" Swali zuri hilo! Watu wazima wengi hawajawahi kuliwaza.

Chukua atomu, inyang'anye elektroni moja. Inabaki na chaji ya umeme. Hiyo ndiyo ioni. Na kwa kuwa ina chaji, umeme unaweza kuishika bila kuigusa, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa.

"Inashikwaje?"

Weka gololi juu ya sinia. Ikikimbilia kushoto, inua kushoto. Ikikimbilia kulia, inua kulia. Sinia la ioni ni umeme, nao hugeuka mara mamilioni kwa sekunde.

Lakini ioni haitulii. "Naona joto!" inalia. "Nataka kutoka!" Joto, mwanangu, ni mbio za chembe. Uji ukichemka sana unaruka nje ya sufuria. Ioni nayo ikichemka huruka nje ya sinia, ikapotea. Hapo ndipo tunaipoza kwa leza, mwanga wa rangi moja.

"Sasa leza si itazidi kuiunguza?"

Hebu ngoja. Umewahi kukimbia kwenye mvua? Matone yanakupiga usoni. Leza nayo hupewa rangi iliyoshushwa kidogo, ambayo ioni iliyotulia huidaka mara chache. Ioni ikikimbia kuelekea leza, kwake rangi hiyo hupanda, kama sauti ya king'ora cha gari la wagonjwa linapokuja. Hapo ndipo inapoudaka mwanga, na mwanga unaisukuma nyuma. Ikija, inasukumwa. Ikija tena, inasukumwa tena. Mbio zinapungua, na joto linapungua.

"Basi," inasema ioni, "acha nikae."

Mwaka 1978 watafiti wa Boulder, Marekani, walizipoza hivyo ioni za magnesiamu hadi baridi kupita nyuzi 233 za Selsiasi chini ya sifuri. Mwaka huohuo wenzao wa Heidelberg, Ujerumani, walizipoza ioni za bariamu. Ioni iliyopozwa vizuri huweza kukaa saa nyingi, siku, hata miezi.

"Mjomba, inaonekana?"

Inaonekana! Mwaka 2017, pale Oxford, Uingereza, mtafiti David Nadlinger aliipiga picha ioni moja ya strontiamu kwa kamera ya kawaida. Ukiipata picha hiyo, tafuta ncha mbili za sindano zilizoachana kama milimita 2. Katikati yake kuna nukta ya zambarau. Itazame vizuri, mwanangu: hiyo ni atomu moja tu.